Maneno Niliyoandika Nyuma ya Picha ya Shemeji

Nina miaka ishirini na tisa, sina mke, na kamera yangu nimeifungia ndani ya sanduku la mbao chini ya kitanda. Wanaonijua hapa Migori hudhani niliacha kazi ya picha kwa sababu ya macho. Nimewaacha waamini hivyo. Lakini leo nimechoka kubeba uongo, wasomaji wenzangu, acha niseme...

Nililelewa na kaka yangu, Okoth. Baba alipofariki, Okoth aliacha shule ili mimi nisome, akaenda kukata miwa Awendo. Nilipomaliza kidato cha nne nikakosa kazi, ni yeye aliyeninunulia kamera kuukuu. Ilikuwa na lenzi moja, haikuwa na flashi, na mkanda wake niliushona kwa kamba ya kiatu. Nikafungua kibanda cha picha mjini Migori, nikaanza kujiita fundi!

Na fundi nilikuwa, sitajidharau kwa hilo. Wasichana wa miaka hiyo walitaka kutoka kama warembo wa kalenda. Nilitundika shuka jeusi ukutani, nikamketisha mtu kando ya dirisha, bega likielekea kwangu na uso ukielekea kwenye mwanga. Upande wenye kivuli niliegemeza kipande cha bati jipya ili lirudishe mwanga chini ya kidevu. Mafuta kidogo mabegani, kidevu juu, usicheke, shusha pumzi... paa! Picha ziliporudi kutoka Kisumu zilikooshwa, watu walikataa kuamini kwamba zilipigwa katika kibanda cha mbao.

Tena nilikuwa na mwandiko wa madoido, herufi zenye mikia. Mnakumbuka mambo ya siku hizo? Kumpa mtu picha yako ilikuwa ni kumpa moyo, na nyuma yake lazima uandike maneno matamu. Wateja wengi walinipa kalamu niwaandikie.

Kaka alikuwa ameoa Atieno, binti wa kisiwani Rusinga. Shemeji huyu alinipikia, alinifulia, na nilipougua malaria alikesha kando yangu kama mama. Siku moja alikuja kibandani akiwa amevaa leso mpya. Hawakuwahi kupiga picha ya harusi, akaniambia, na alitaka kumshangaza mumewe. Nilimketisha dirishani, leso ikiwa chini kidogo ya mabega. Alikuwa na haya, alicheka mara tano kabla hajatulia. Nawaambia kweli, sijawahi kupiga picha nzuri kama ile!

"Hii ni ya ndugu yako peke yake, shemeji," akasema. "Usiweke kwa ubao yako ya nje, tafadhali."

Nikamwahidi kwamba haitafika kwenye ubao nilipobandika kazi zangu kuvutia wateja. Picha iliporudi aliniomba nimwandikie nyuma, kwa sababu aliishia darasa la nne na mwandiko wake ulimwaibisha. Nikaandika: "Kwako mume wangu, nikumbuke ukiwa shambani. Wako Atieno." Kaka aliipokea kwa mikono miwili. Aliamini mkewe ndiye aliyeandika, naye Atieno, kwa aibu yake ndogo, hakumsahihisha. Ilikuwa kosa gani hilo?

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimejiagizia nakala mbili zaidi kwa siri, na wiki haikuisha kabla sijaibandika moja ubaoni. Nilijidanganya kwamba Okoth hafiki mjini. Nilitaka sifa tu!

Ndipo akaja dereva mmoja wa lori, anayepita kutoka Isebania kwenda Kisumu. Akasimama mbele ya ubao, akapiga mluzi. Akaniambia nimpe picha ile, naye ataniletea flashi. Flashi! Kitu nilichokiota miaka miwili... Nikaingia ndani nikamletea ile nakala ya mwisho. Akauliza jina la mrembo. Nikamwambia! Akacheka, akataka niandike nyuma maneno ya kuwaringishia wenzake. Na mimi, kwa uvivu wa moyo, nikaandika karibu yale yale: "Kwako mpenzi wangu, nikumbuke ukiwa safarini. Wako Atieno."

Flashi ililetwa kweli. Nilifurahi kama mtoto.

Miezi miwili baadaye Okoth aliomba lifti kutoka Awendo kurudi nyumbani. Akapanda mbele ya lori, akainua macho, akaona picha ya mke wake imebandikwa juu ya usukani. Dereva, yule yule wa flashi, asiyejua anaongea na nani, akaibandua na kuigeuza ili abiria wake ajionee maneno. Kaka yangu alishuka na picha ile mkononi. Hadi leo hajanieleza aliipataje kwa dereva.

Nilikuwa kwao mchana ule, nakula ugali wa Atieno. Okoth aliweka picha mbili mezani, yake na ile ya dereva, zikiwa zimegeuzwa. Mwandiko ulikuwa mmoja. Atieno alipoelewa anachoshtakiwa, aliruka akanishika mkono.

"Yawa! Muulize shemeji! Yeye ndio aliniandikia! Mwambie, shemeji... mwambie!"

Okoth hakupiga kelele. Aliniuliza taratibu, "Odhiambo, ni wewe uliandika?"

Neno moja tu lilitakiwa. Moja! Lakini nilimwona mtu aliyeacha shule kwa ajili yangu, nikawaza nitamtazamaje nikikiri kwamba nilimbadilisha mke wake kwa flashi. Nikaangalia chini.

"Hapana," nikasema. "Wateja huandika wenyewe. Na huyu alichukua nakala mbili."

Atieno aliniachia mkono. Hakulia mbele yangu. Jioni ile alirudishwa kwao Rusinga akiwa amembeba mgongoni mtoto wao, Akoth, asiyejua hata kutembea.

Kaka alianza kunywa chang'aa. Mwaka ulipoisha alikuwa ameachishwa kazi, na nyumba yake ilianza kuvuja hakuna wa kuitazama. Na mimi? Niliendelea kupiga picha! Lakini kila niliposema "kidevu juu", nilimwona shemeji. Nilivumilia miaka mitatu. Siku moja nilichukua kalamu, nikaenda kwa Okoth, nikaandika mbele ya macho yake maneno yale yale, yenye mikia ile ile.

Aliisoma karatasi ile. Nilitamani anipige. Aliinuka tu, akavaa viatu, akasema, "Twende Rusinga."

Tulimkuta Atieno akianika omena, dagaa wa ziwani. Alikuwa amekonda. Nilipiga magoti kwenye mchanga nikakiri kila kitu. Okoth naye akaomba msamaha, akalia hadharani, mtu mzima yule... Atieno alimsikiliza kwa heshima, akamkaribisha uji, kisha akasema hatarudi. Mume aliyemhukumu kwa mwandiko, alisema, anaweza kumsamehe, lakini kuishi naye tena hapana.

Kisha akanigeukia. "Nilikuita mbele yake, Odhiambo. Nilikushika mkono."

Hakuniita shemeji. Msichana mdogo alikuja mbio na kujificha nyuma ya mama yake. Macho yalikuwa ya kaka yangu kabisa! Akauliza sisi ni nani. Atieno alimwonyesha Okoth akasema, "Huyu ni baba yako." Kisha akanionyesha mimi, na nikasubiri aseme baba mdogo, kama ilivyo kwetu.

"Na huyu ni mpiga picha," akasema. "Msalimie."

Ndugu zangu, mliokabidhiwa siri au sura ya mtu, msiitoe kwa yeyote, kwa sifa wala kwa zawadi. Na kama mmeshaitoa, basi siku mtakapoulizwa, semeni! Aibu ya kukiri ingekuwa ya mchana mmoja. Nilikaa kimya, na sasa kuna mtoto Rusinga anayenipa mkono kama mgeni.