Herufi Nene za Baba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Selina alifagia uwanja wao pale Kiseke, akachota maji, kisha akapangusa vumbi kwenye sanduku la brashi za marehemu baba yake. Baba yake, Nestory, alikuwa akiandika majina ya mitumbwi mwaloni, kule wavuvi wanakoshusha samaki. Herufi zake zilikuwa nene na za mviringo, kama maandazi yaliyoumuka vizuri, na wavuvi walizisoma wakiwa bado mbali majini.

Ndani ya sanduku mlikuwa na daftari la herufi hizo. Siku moja Selina alizinakili, akampelekea Mwalimu Luhende.

"Umezibuni mwenyewe?" mwalimu aliuliza.

Selina alitaka kusema hapana, lakini darasa zima lilikuwa likimtazama.

"Ndiyo, mwalimu."

"Basi Ijumaa, siku ya wazazi, utatuandikia NAWA MIKONO kwenye ukuta wa vyoo."

Tangu hapo uongo ule ukamkaa kama mwiba wa samaki kooni, haumezeki wala hautemeki. Ijumaa alisingizia kuumwa tumbo. Mama yake, Bernadeta, akampa uji wa moto na kumwambia asichelewe.

Selina alipiga mistari miwili ukutani kwa rula, akazipanga herufi zote katikati yake, akapaka rangi. Wazazi walikuwa wameanza kufika. Akarudi nyuma kutazama. O zote mbili zilionekana fupi, zimesinyaa kando ya wenzao. Alizipima tena. Zililingana kabisa na nyingine.

"Selina, hizo O zako zimefunga Ramadhani?" Farouk wa darasani kwao aliuliza. "Mbona zimekonda?"

Wenzake wakacheka.

"Zirekebishe," Mwalimu Luhende alisema kwa upole. "Si ni zako? Wewe ndiye unayejua zinavyokaa."

Selina alishika brashi, asijue pa kuigusisha. Mbele yake ukuta, nyuma yake watu. Alipogeuka akamwona mama yake, mkono mdomoni, macho kwenye zile herufi. Mama alikuwa amezitambua.

"Mwalimu, si zangu," Selina alisema. "Ni za baba. Nilinakili daftari lake."

Farouk aliacha kucheka. Mama akasogea hadi ukutani.

"Baba yako akipiga mstari, mimi ndiye niliyekuwa namshikia uzi," alisema. "O aliivusha mstari, juu kidogo na chini kidogo, upana wa ukucha. Rula itakwambia zimelingana, ila macho yanakataa."

Selina akaongeza rangi juu, akaongeza chini. O zikajaa.

"Ungesema kweli siku ile, mama yako angekufundisha mapema," Mwalimu Luhende alisema. "Kazi ya mtu ukiiita yako, huwezi tena kuuliza usichokijua. Uongo unakufungia mlango wa kujifunza."

"Nimeelewa, mwalimu. Naomba unisamehe."

Kisha Selina akachukua brashi ndogo, akaandika chini pembeni: Herufi za Nestory.

Mama alinyoosha mkono kuligusa jina lile, rangi ikamshika kidoleni.

"Kanawe, mama," Selina alimwambia, akimwonyesha ukuta.

"Nitanawa," mama alisema, bado akikitazama kidole chake. "Baadaye kidogo."