Sindano za Mama Mdogo

Fundi cherehani alianza kusikia mtu anatafuna wiki ile ile alipoacha kusikia njaa. Mwanzoni alidhani ni panya kwenye vipande vya vitambaa. Akasimamisha cherehani, akatega sikio. Kimya. Alipokanyaga tena, sauti ikarudi, taratibu, kama mtu aliyekaa nyuma yake anakula bila haraka.

Daktari alikuwa amemwandikia sindano za kupunguza uzito, kwa sababu ya sukari na magoti. Moja kila wiki, tumboni. Mdogo wake, muuzaji wa duka la dawa, ndiye aliyezileta na ndiye aliyemchoma. Fundi hakuwa na wasiwasi. Yeye ndiye aliyembeba mdogo huyo mgongoni kabla hajaota meno, na mama yao alipofariki akamlea kama wa kumzaa.

Mwili ukaanza kwenda. Wateja wakamsifu.

"Fundi, umerudia usichana. Tupe siri."

Alicheka, pini zikiwa mdomoni. Akapunguza magauni yake, akayapunguza tena, mpaka mifupa ya mabega ikaanza kuonekana.

"Sasa inatosha," alimwambia mdogo wake.

"Dozi haikatizwi, dada. Vumilia."

Jikoni pakaanza kunuka, harufu ya mdomo wa mtu aliyelala na chakula kwenye meno. Sufuria ya maharage ikakutwa imerambwa, mfuniko uko juu yake. Binti yake, aliyekuwa bado shule ya msingi, akaanza kulala njaa.

"Mama, umekula tena."

"Sijaonja hata punje, mwanangu."

Mtoto akashusha sauti. "Nilikuona. Ulisimama hapa, mdomo umeufunga, na bado kuna mtu alikuwa anatafuna."

Kesho yake fundi alikwenda kwa mganga, bibi mmoja mkimya aliyeishi nyuma ya gereji. Bibi alimlaza mkekani, akamfukiza, akaweka kiganja tumboni, na pale chini ya kiganja ngozi ikainuka kama shavu la mtu aliyejaza tonge, na sauti ikatoka, si kinywani mwa fundi bali chini zaidi, nene, yenye mate, ikisema kwamba yenyewe haikuvamia nyumba ya mtu, ililetwa, ilikabidhiwa kwa sindano na mdogo mtu, aliyeiambia: dada yangu ana mwili mkubwa, utakaa miaka.

Bibi akaondoa mkono. "Nikilitoa jini hili, litarudi kwa aliyelileta. Kazungumze naye kwanza."

Mdogo wake alikuwa peke yake dukani. Alipomwona dada yake mlangoni alijua. Hakukana.

"Nilitaka kukonda haraka, nikaenda kwa mtu," alisema kwa kunong'ona. "Akasema atampata wa kuila njaa yangu. Halikuishia kwenye njaa, dada. Lilikuwa linanimaliza."

"Na dawa ya daktari?"

"Ipo kwenye friji. Sijaigusa."

"Ulinichoma mimi. Kwa mkono wako, huku unaniambia nivumilie."

"Wewe ulikuwa na akiba."

Fundi alikuwa amekuja na neno moja la huruma. Alitaka waende wote kwa bibi, watafute njia ya tatu. Hakuwahi kulisema, kwa sababu mdogo wake alimsogelea, macho makavu, akasema, "Usilirudishe kwangu. Binti yako bado anakua. Ana mwili. Alibebe kidogo tu, mpaka tupate mtu."

Fundi aligeuka, akarudi kwa bibi.

"Litoe," alisema.

"Unajua linakokwenda?"

"Najua."

Lilitoka kwa mchana mzima, likimkaba na kumtapisha maji meusi. Kufika alasiri, njaa ilimrudia, njaa yake mwenyewe, ya kawaida. Akafika nyumbani akapika wali, akala akilia, kwa sababu sasa hakuwa na mdogo.

Binti aliingia na mkoba wa shule, akaketi mbele ya sahani yake. Hakula. Aliisukuma pembeni polepole.

"Kula, mwanangu. Leo hakuna wa kutuibia."

"Sisikii njaa." Alikuwa anajikuna tumbo juu ya sare. "Mama mdogo alikuja shuleni saa ya kutoka. Alikuwa anatetemeka, mama. Akasema ni chanjo, na nisikuambie."