Kibao cha Jaji

Jumamosi ile ilianza vizuri. Edna alikunywa chai aliyoandaliwa na Vumilia, mumewe Laurean akawapeleka watoto kuogelea, nyumba ikatulia. Kisha Edna akamwambia Vumilia avae viatu, wanatoka. Irene, mwenzake wa jumuiya, alikuwa na sherehe ya kipaimara na alihitaji mtu wa kupika pilau na kuosha vyombo. "Nitakuazima Vumilia," Edna alikuwa amemwambia kwenye simu, na hakuna kati yao aliyeshtuka kwa neno hilo.

Vumilia alikuwa binti wa marehemu kaka yake Edna. Aliletwa Herndon, ughaibuni, kutoka Njombe kwa ahadi ya kusomeshwa uuguzi. Huu ulikuwa mwaka wa tatu, na darasa alikuwa hajaliona. Alilala besimenti, chumba cha chini ya nyumba, akalea watoto, akapika, akafua. Pasipoti yake ilikaa kwenye droo ya Edna, imefungwa kwa ufunguo, isije ikapotea. Ndivyo Edna alivyojiambia. Kwenye jumuiya walimsifu kwa kulea yatima, naye alizipokea sifa hizo huku ameinamisha macho.

Njia ya kwenda kwa Irene inapita kwenye mashamba ya zamani. Hapo gari likazima. Halikukohoa wala kutoa moshi. Lilizima tu, likaserereka hadi kando ya barabara, likasimama mbele ya kibao cha chuma cha kumbukumbu ambacho Edna alikuwa akikipita miaka yote bila kukisoma. Simu haikushika mtandao. Jua la mchana lilikuwa kali.

Vumilia akashuka kunyoosha miguu. Akasimama mbele ya kibao, akaanza kukisoma polepole, kwa Kiingereza alichojifunzia kwenye katuni za watoto.

"Shangazi, wanasema hapa aliishi jaji. Zamani, wakati wa utumwa. Aliwaachia huru watu wote wa nyumbani kwake. Na mahakamani aliamua kwamba mtu akisema yuko huru, asidaiwe ushahidi. Adaiwe yule anayemshikilia."

"Rudi ndani ya gari," Edna akasema.

Vumilia hakugeuka. Alisimama vilevile, kama mtu asiyesikia. Edna akafungua mlango amfuate, na hapo ndipo alipogundua kwamba magari yamekoma kupita. Hata nyenje walikuwa wamenyamaza.

Ng'ambo ya uzio, chini ya miti, walisimama watu. Wanawake kwa wanaume, wengine wamebeba watoto. Hawakusogea. Hawakumtazama Vumilia. Walimtazama yeye. Nyasi walizozikanyaga zilikuwa zimesimama wima.

Mzee mmoja wa Kizungu, mwembamba, mwenye joho jeusi, alikuwa kando ya mlango. Edna hakumwona akija. Alinuka vumbi na nta. Akainama hadi sikioni mwake, akanong'ona. Kwa Kiswahili. Kwa lafudhi ya Njombe.

"Huyu binti ni wa nani?"

Edna alikusudia kusema ni mtoto wa kaka yangu. Mdomo ukasema:

"Wangu."

Watu wa chini ya miti wakashusha pumzi. Wote kwa pamoja.

"Thibitisha," mzee akanong'ona.

Edna akafungua kinywa. Akatafuta kichwani jambo moja la kusema. Shule. Chumba chenye dirisha. Jumapili moja ya kupumzika. Hakupata. Aibu ikampanda mwilini, ya moto, mbele ya macho yale yote, akajifunika uso kwa viganja kama mtoto aliyekutwa anaiba.

Alipoviondoa, lori lilikuwa likipita kwa kishindo. Injini ya gari lake ilikuwa inanguruma. Vumilia ameketi kiti cha mbele, amefunga mkanda.

"Ulikuwa unaongea na nani, shangazi?"

Edna akaingia garini. Aligeuza gari wakarudi. Alifungua droo, akamkabidhi binti pasipoti yake kwa mikono miwili, na hakuweza kumtazama usoni.

Vumilia aliuliza swali moja tu. "Ungenipa lini?"

Edna akasema hajui.

Siku hiyohiyo Bilha, muuguzi Mkenya wanayesali naye, alikuja kumchukua Vumilia akaishi naye Adelphi. Sasa anasoma. Akikutana na Edna kanisani humwamkia shikamoo, kisha hupita. Edna mwenyewe aliyasema yote mbele ya jumuiya. Alitegemea wamlaumu. Baadhi wakamwambia asijitese, mbona wengi wanafanya hivyo, na aibu yake ikazidi maradufu.

Baadaye alishuka besimenti kusafisha chumba. Ukutani, chini kabisa, pale ambapo mkono wa mtu aliyelala ungefika, palikuwa na alama za viganja. Udongo mwekundu. Zilizunguka kuta zote nne, zimepandana. Vya watu wazima, na vidogo vidogo sana.

Alimpigia Vumilia. Binti akasema aliuacha ukuta mweupe.

Laurean alipaka rangi. Alama zikarudi. Akapaka tena, zikarudi nyingi zaidi, naye akaacha kupaka. Hivi karibuni Edna alishuka peke yake, akachuchumaa, akakigusa kiganja kimoja kwa ncha ya kidole.

Udongo ulikuwa bado mbichi.