Joto Ndani ya Mfuko

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Winfrida alifunua turubai kwenye vichanja vya kahawa nyuma ya nyumba yao, kule Lufingo. Alizigeuza punje kwa viganja vyake, akaokota zilizopasuka na zile nyeusi, kisha akanawa uso kwa maji yaliyokuwa baridi kama barafu. Alasiri, jua likianza kulegea, alirudi kufunika. Kazi hiyo haikuwa nzito. Ilitaka jambo moja tu: asisahau.

Mwaka ule baba yake, Mzee Lazaro, hakuwa na haraka ya kuuza. Zamani kahawa yote ilikwenda chama cha ushirika, na bei ilikuwa moja. Sasa wanunuzi binafsi walikuwa wameruhusiwa, na magari yao yalipanda na kushuka vilima vya Rungwe, kila mnunuzi na bei yake. Mkulima mwenye subira aliihifadhi kahawa yake nyumbani, ikiwa bado ndani ya ganda lake jembamba, akangoja bei inayomridhisha. Chumbani kwa Mzee Lazaro magunia ya katani yalikuwa yamepangwa juu ya mbao, mbali na ukuta, mbali na mafuta ya taa, mbali na vitunguu.

Kisha mama yake Winfrida akaugua tumbo, na baba akampeleka hospitali Mbeya. Siku ya kuondoka alimshika binti yake bega.

"Winfrida, mwanangu, iliyo kwenye kichanja ndiyo ya mwisho. Usiifunge mpaka ikauke vizuri. Ukiiuma punje ikabonyea, rudisha juani. Ikipasuka krak, hapo tayari. Umenisikia?"

"Nimesikia, baba."

"Kahawa hii ndiyo operesheni ya mama yako. Ikibaki kitu, utapata lile sweta la shule."

Nyumbani wakabaki wawili, Winfrida na bibi yake, Andongwisye, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia kiasi cha kutomtofautisha mbuzi na mbwa.

Siku chache baadaye Lugano, rafiki yake wa darasani, alimdaka njiani wakitoka shule.

"Leo tunacheza mpira wa rede na wasichana wa ng'ambo ya mto. Bila wewe tunapigwa!"

"Nina kahawa ya kufunika."

"Kahawa, kahawa! Utaolewa na kahawa wewe! Jua lote hili, unaogopa nini?"

Wenzao wakacheka. Winfrida akatazama juu. Kweli, jua lilikuwa linawaka. Akaweka daftari zake chini ya mgomba, akaingia uwanjani.

Ukungu wa Rungwe haupigi hodi. Ulishuka mlimani mchezo ukiwa umenoga, na nyuma yake rasharasha nyembamba, ile inayolowesha mtu bila kumpigia kelele. Winfrida alikimbia mpaka kifua kikamwuma. Alipofika, turubai lilikuwa limelala pembeni na kahawa inatiririka maji.

Bibi alikuwa msibani kwa jirani. Hakuna aliyeona.

Hapo angeweza kusema. Bado palikuwa na nafasi ya kuianika upya na kuiokoa. Lakini aliiona sura ya baba, akamwona mama amejikunja kitandani, akaogopa. Alichukua mfuko wa nailoni uliokuwa na mbolea, akaukung'uta, akaujaza kahawa ile mbichi, akafunga mdomo kwa kamba ya mgomba, akausukuma uvunguni mwa kitanda chake.

Bibi alipouliza, alijibu bila kumtazama, "Imekauka, bibi. Nimeshaifunga."

"Ndaga, asante, mjukuu wangu. Una mikono ya mama yako."

Maneno hayo yalimchoma kuliko fimbo.

Siku ya tatu aliingiza mkono ndani ya mfuko, akauchomoa kwa mshtuko. Kahawa ilikuwa ya moto! Hakuna aliyeiwekea moto, lakini ilikuwa na joto kama paji la uso la mgonjwa wa homa. Harufu ikamjia, chachu, kama pombe iliyosahaulika mtungini. Winfrida alikaa sakafuni. Ilikuwa kana kwamba amemficha kiumbe hai uvunguni, na kiumbe huyo anaamka.

Akawaza haraka. Mahindi yao hukaa wapi? Darini, juu ya jiko la kuni. Moshi huyakausha, na wadudu huyakimbia. Bibi alifanya hivyo, na mama wa bibi alifanya hivyo. Basi na kahawa itapona huko huko! Alipanda ngazi akauvuta mfuko mpaka juu, akaulaza katikati ya mahindi, akashuka kukoka moto.

"Ugwe, wewe Winfrida!" Bibi alikohoa kutoka uani. "Unapika ng'ombe mzima humo?"

"Maharage, bibi. Hayaivi."

Uongo wa pili. Ulitoka kwa wepesi zaidi kuliko wa kwanza, na wepesi wenyewe ukamtisha.

Ijumaa ikaja habari: baba atafika kesho pamoja na mnunuzi, Bwana Haruni wa Tukuyu. Mama amepangiwa operesheni wiki inayofuata. Winfrida alipanda darini. Punje zilikuwa na koga ya kijani, na sasa juu ya uvundo ule pakaongezeka moshi. Alimweleza Lugano kila kitu, wakiwa kisimani.

"Mbona rahisi," Lugano alinong'ona. "Igawe. Mimina kidogo kidogo kwenye yale magunia mazuri, chini kabisa. Nani atajua?"

Winfrida akarudi nyumbani, akajaza kibakuli kahawa iliyooza, akaingia chumbani kwa baba. Alifungua gunia la kwanza. Harufu safi ikapanda, kavu, tamu, kama nyasi zilizopigwa na jua. Kibakuli kilikuwa mkononi, kimeinama tayari. Akamkumbuka mama, jinsi alivyokuwa akizichagua punje hizo moja moja huku ameshikilia tumbo, bila kumwambia mtu kwamba linamwuma.

Akakiinua kibakuli, akafunga gunia, akatoka mbio mpaka kwa bibi, akapiga magoti.

"Bibi, nimeiua kahawa."

Bibi Andongwisye alisikiliza mpaka mwisho. Hakumfokea. Alichofanya kilikuwa kibaya zaidi: aliogopa.

"Umeigusisha na ile ya chumbani?"

"Hapana, bibi. Hata punje moja."

"Kweli, mtoto?"

"Kweli kabisa."

Bibi akashusha pumzi. "Basi kuna kilichobaki. Lakini mbele ya baba yako sisemi mimi. Utasema wewe."

Kesho yake Bwana Haruni alifika na mizani yake. Baada ya salamu alizamisha mkono mpaka chini ya gunia la kwanza, akatoa punje, akaiuma. Krak. Akatabasamu. Kisha akainua pua, akanusa kuelekea jikoni, na tabasamu likazimika.

"Mzee Lazaro, humu ndani kuna kahawa iliyovunda."

"Haiwezekani! Kahawa yangu naijua!"

"Na pua yangu naijua. Sichukui mzigo nisiouelewa. Samahani, mzee wangu." Akaanza kukunja mizani.

Winfrida akamwona akilini mama yake anarudishwa nyumbani bila kutibiwa. Akajitokeza mbele.

"Ni mimi, baba! Ilinyeshewa nikicheza. Nikaificha. Ipo darini, peke yake. Sikuichanganya!"

Baba alipanda mwenyewe, akaushusha mfuko, akaufungua uani. Uvundo ukawarudisha wote nyuma. Bwana Haruni alitazama mfuko, akamtazama Winfrida, kisha akarudi chumbani. Alichunguza gunia moja baada ya jingine, chini, katikati, juu, huku Winfrida akisikiliza kila krak kama anayesikiliza hukumu. Hatimaye akaikunjua mizani.

"Yote mazuri. Kahawa ya mfuko huu kaizikeni shimoni, msiinywe wala msiiuze. Lakini, binti, ungemimina kikombe kimoja tu humu, ningeacha yote."

Gari lilipoondoka, Mzee Lazaro aliketi kwenye kizingiti, akamwita binti yake.

"Mama yako atatibiwa. Sweta halipo tena, limeoza na ule mfuko. Utaivumilia baridi."

"Ndiyo, baba."

"Sasa nisikilize. Mvua haikuiozesha kahawa ile. Mvua ungeniambia, au ungemwambia bibi, tungeianika. Kilichoiozesha ni kufichwa. Ukiifungia ndani ikiwa mbichi, inajipikia yenyewe gizani. Moshi wa mahindi si dawa yake, kwa sababu kahawa hunyonya kila harufu iliyo karibu nayo. Na kosa ni hivyo hivyo, mwanangu. Liweke juani mapema, likauke. Nilipokuacha na kahawa sikukuachia magunia tu. Nilikuachia na neno lako ulilonipa, ulitunze."

Msimu uliofuata Julai ilikuwa na baridi kali. Asubuhi moja Winfrida, mabega yakitetemeka ndani ya shati jembamba la shule, alisimama kwenye kichanja akachukua punje, akaiuma. Ikabonyea.

"Vipi, tayari?" mama yake aliita kutoka jikoni, kwa sauti ya mtu mzima wa afya.

"Bado, mama!" akajibu, akaanza kuzigeuza.