Vifaranga Juu ya Waya wa Gari

Katika nyumba ya Filemoni, kijijini Kalenga, watatu huamka kabla ya jogoo: ng'ombe, Eveline, na wasiwasi wa Eveline. Jogoo huamka wa nne, kisha hujisifu kwamba ndiye aliyewaamsha wote.

Eveline, mke wa Filemoni, alikuwa akipeleka maziwa kila asubuhi katika shule ya wasichana ya bweni, Iringa mjini. Maziwa hayo yalitiwa kwenye uji. Aliyewahi kunywa uji wa bweni usio na maziwa anajua kwamba hilo si jambo la mzaha.

Lakini Eveline alikuwa amechelewa, na si mara moja. Devota, mtunza stoo wa shule, alimwambia kwa upole unaotisha:

"Mama Danieli, wasichana hawanywi samahani. Ukichelewa tena, tutamchukua mwingine."

Gari lenyewe halikuwa na ubaya. Lilikuwa dogo, jeupe, la umeme, lililotumika Japani kabla ya kuletwa nchini. Halikunywa mafuta. Halikunguruma. Lilipita kimya mpaka mbuzi wa Kalenga wakasahau kulikimbia. Tatizo ni kwamba asubuhi nyingine lilikutwa na njaa.

"Baba Danieli, gari halijajaa," Eveline alisema asubuhi moja baada ya onyo hilo, mikono ikiwa bado inanuka maziwa.

"Haiwezekani! Nilichomeka mwenyewe. Taa iliwaka."

"Basi kaendeshe hiyo taa mpaka mjini."

Filemoni alikuwa mtunza vyombo wa kwaya ya usharika. Kinanda, spika na ekstensheni ndefu ya kwaya vilikaa kwake. Kila jioni alichomeka ekstensheni hiyo sebuleni, akaipitisha dirishani, akaivuta mpaka kwenye gari. Alifungua waya kiasi cha kufika tu. Uliobaki aliuacha umejiviringisha kwenye gurudumu lake, chini ya dirisha la jikoni.

"Dawa ni chaja kubwa," alisema. "Kama ya Zabron."

Zabron alikuwa mnunuzi wa dhahabu aliyerudi kutoka machimbo ya Makongolosi. Chaja yake ilining'inia ukutani kama kabati la sakristia ya kanisa. Watu walikwenda kuitazama, wakarudi wakiwa wanyenyekevu.

Eveline alifunga madumu ya maziwa kwenye bodaboda, akashikilia moja kwa mikono miwili mpaka mjini. Alifika uji ukiwa tayari unachemka, lakini bado haujapakuliwa. Devota hakumtazama. Alitazama saa.

Kutoka pale Eveline alikwenda moja kwa moja kwa Bupe.

Bupe alikuwa fundi umeme mwenye leseni, mzaliwa wa Mbeya, na hakuwa mtu wa kujificha. Jina lake liliandikwa kwenye kofia, kwenye begi na kwenye ngazi. Alipoingia uani Kalenga mchana huo, hata jogoo alinyamaza.

"Ugonile, bibi!" alimsalimu Bibi Faustina, mama yake Filemoni.

"Kamwene, mwana wa Mbeya. Umeleta viazi?"

"Viazi vimegoma, bibi. Vimesema Iringa baridi."

Bibi alicheka mpaka akashika kiuno. Filemoni akatoka na kifua mbele.

"Fundi, nataka chaja kubwa kuliko zote."

"Subiri, kaka. Daktari hatoi dawa kabla ya kumpima mgonjwa."

Bupe aliufuata waya kutoka sebuleni. Alipofika chini ya dirisha la jikoni alisimama. Juu ya gurudumu la waya palikuwa na boksi lililofunikwa blanketi. Alilifunua. Boksi likasema, "Piyo, piyo, piyo!"

"Nani amewalaza hawa hapa?"

Bibi Faustina aliinua kichwa kwa fahari. "Mimi. Baridi likizidi nawaleta hapa, pana joto zuri. Gari la mwanangu lina baraka. Mafuta halinywi, na vifaranga linalea."

"Na wanalalaje?"

"Jioni vizuri. Usiku gari linaingiwa na kiburi, joto linakatika. Asubuhi nawakuta wamejikunyata kama yatima."

Eveline aliweka ndoo chini. "Mama, leo asubuhi walijikunyata?"

"Sana."

"Na siku ile nilipoonywa na Devota, nikarudi nikilia?"

"Hata siku ile. Nilidhani unawalilia wao."

Bupe alilihamisha boksi, akachomoa waya ukutani, ndipo akaligeuza gurudumu. Plastiki ya upande wa chini ilikuwa imelainika na kubadilika rangi, ya kahawia kama ugali ulioungua. Harufu yake iliwafikia wote.

"Hapa kuna kitufe," Bupe alisema. "Waya ukichemka sana, kinaruka na kukata umeme, wala hakirudi mpaka waya uchomolewe na kupoa. Gari linabaki na njaa, vifaranga wanabaki na baridi. Waya huu ni wa kinanda na spika. Gari linavuta umeme mwingi, tena saa nyingi bila kupumzika. Halafu umeviringishwa, joto halina pa kutokea. Bibi naye akaufunika blanketi."

"Na kitufe kingekataa kuruka?" Eveline aliuliza.

Bupe alitazama dirisha la pili. "Pale analala nani?"

"Mimi," alisema Bibi, kwa sauti ndogo.

Filemoni alivua kofia.

"Basi ndiyo maana nataka chaja kubwa," alisema hatimaye, ila kifua kilikuwa kimerudi ndani.

"Mama Danieli," Bupe alimgeukia Eveline, "ukimimina maziwa kwa ndoo kubwa kwenye chupa ya mdomo mwembamba, chupa inajaa haraka?"

"Haijai. Ninamwaga."

"Gari lenu ndiyo hiyo chupa. Kitabu chake kinasema linapokea ampea kumi na sita, basi. Ukilifungia chaja ya Zabron litapokea zilezile kumi na sita. Na chaja yake inataka umeme wa njia tatu, kama wa mashine ya kusaga. Mita yenu ni ya njia moja. Halafu mmetazama mdomo wa chaja yake? Hauingii kwenye gari hili hata ukiuombea."

Eveline aliligeukia gari. Kumbe si gari lililomwangusha. "Tunahitaji ipi, dada?"

"Kwa siku unakwenda wapi?"

"Mjini na kurudi. Siku ya soko nazunguka kidogo."

"Basi hata betri nzima humalizi. Chaja ndogo ya ukutani inajaza ulichotumia, wewe ukiwa umelala. Tutachukua ya njia moja, yenye mdomo wa gari lenu, isiyoingia mvua, inayokubali kupunguzwa nguvu. Nitaivutia waya wake mnene kutoka kwenye boksi la umeme, na sakiti breka yake peke yake, ya kuzima mzigo ukizidi. Nitaweka swichi inayokata haraka umeme ukivuja, na waya wa ethi unaoingia ardhini. Bila vitu hivyo, hata chaja ya dhahabu ni mtego."

"Na pasi? Na jiko la umeme?" Filemoni aliuliza.

"Swali la mtu mzima! Nitaitegea ianze baada ya chakula cha usiku, mkishazima hivyo. Nyumba haibebi mizigo yote kwa mara moja, hata wewe hubebi."

Bupe alifunga chaja siku iliyofuata. Alipima ukuta, akachimbia chuma cha ethi, akajaribu swichi ya usalama mbele yao mpaka ikakata. Filemoni alishika ngazi kwa heshima ya mtu anayeshika msalaba. Mwisho Bupe akawatengenezea vifaranga boksi lao, lenye taa ndogo iliyofungwa mbali na majani.

Jioni, Bupe akiijaribu chaja, Bibi Faustina aliushika waya mpya. Akashtuka.

"Baridi! Chaja hii haifanyi kazi."

"Inafanya, bibi," Bupe alisema. "Ikiwa vuguvugu kidogo si neno. Ikichemka mpaka mkono unakataa, zima, niite."

Asubuhi Eveline alifungua mlango wa gari huku akisali. Lilikuwa limejaa. Alipita mbuzi kimya, akafika shuleni kabla moto wa uji haujawashwa. Devota alitazama saa, akamtazama Eveline, akampokea dumu kwa mikono miwili.

"Hata kesho mapema hivi?"

"Hata kesho."

Jumapili ekstensheni ya kwaya haikurudi kanisani. Filemoni aliikata vipande mwenyewe, asije mtu akaitumia tena, akainunulia kwaya ekstensheni mpya.

Siku hizi kila usiku, kabla ya kulala, Bibi Faustina hutoka na shali yake. Huwachungulia vifaranga. Kisha huuwekea waya wa chaja mgongo wa mkono, kama mama anayempima mtoto paji la uso, akasubiri kidogo.

"Hana homa," huita kuelekea dirishani. "Mama Danieli, lala. Kesho maziwa yanakwenda."