Waya Mbili Chini ya Kaunta

Watu walijaa mpaka mlangoni, kila mmoja na risiti yake mkononi, na mtandao wa ofisi ya vifurushi ulikuwa umekatika tena. Msichana wa kaunta aliinuka haraka kumtafutia mzee mmoja mzigo wake. Kisigino cha kiatu chake kikatua juu ya kitu laini.

"Mama yangu! Vidole!"

Akainama. Chini ya kaunta kulikuwa na kijana amelala chali, shati la buluu limejaa vumbi.

"We nani? Umeingia saa ngapi?"

"Fundi wa mtandao. Nimeingia ulipokuwa unagombana na yule mteja mwenye mzigo wa jiko."

"Jamani, pole! Umeumia?"

"Nimeumia sana. Lakini kucha zako zikiwa nyekundu hivyo, nimesamehe."

Tangu siku hiyo akawa anamwita Kucha, na jina likamganda.

Mtandao ule ulikuwa mgonjwa wa kudumu. Ukizima, Kucha anashika simu.

"Fundi, tumekufa huku."

"Naja, kipenzi. Usife mpaka nifike."

Alifika shati limepigwa pasi, ananukia sabuni. Akimaliza kazi haondoki. Anageuza kreti, anakalia, anakunywa chai polepole huku akimtazama Kucha akibandika anwani kwenye maboksi. Hakuna aliyemwambia mwenzake neno lolote la maana. Shangazi yake Kucha, aliyekuwa akipima mizigo kwenye mizani ya humo humo ofisini, alikuwa anacheka peke yake tu.

Siku moja fundi alikuja na mitambo mipya, uso unang'aa kama mtoto aliyenunuliwa viatu.

"Kucha, mateso yamekwisha. Huu mtandao unajiangalia wenyewe. Njia moja ikikatika, unatafuta nyingine. Ukilemewa, unajigawia kazi. Hautaki mtu."

"Hautaki mtu kabisa?"

"Labda ofisi iungue moto. Utanisahau, wewe!"

Alisema akicheka, halafu akangoja kuambiwa kwamba hatasahauliwa. Kucha akageukia maboksi yake. Aliogopa sauti ingemtoka vibaya. Fundi akakusanya vifaa vyake, akaaga.

Kweli mtandao haukuumwa tena. Taa ndogo za kijani ziliwaka asubuhi mpaka jioni, foleni zikaisha, bosi akafurahi. Kucha akazichukia taa zile. Simu yake ikawa ya kumwamsha kwa kengele tu. Alipaka kucha rangi mpya, hakuna aliyeziona.

Kisha mlinzi wa mlangoni akaleta habari. "Fundi wenu anahamishwa. Anasafiri kesho, anakwenda kufunga mitambo kama hii tawi la mbali huko."

Mchana ule, wateja walipopungua, Kucha aliingia chini ya kaunta akachomoa waya. Akainuka kutazama kompyuta. Haikushtuka hata kidogo. Akarudi, akachomoa na wa pili. Kompyuta ikasita, kama mtu anayemeza mate, kisha ikaendelea na kazi kwa njia ya hewani.

Akakaa sakafuni, akalia.

"Wewe mtoto, unafanya nini huko?" Shangazi alikuwa amesimama juu yake.

"Nilitaka uharibike, shangazi. Ametengeneza kitu hiki ili asije tena kwangu."

"Amekuambia hivyo?"

"Hakuniambia kitu."

"Na wewe ulimwambia nini?"

Kucha akaitazama simu yake mkononi.

"Hebu ona," shangazi akasema, "simu unayo kiganjani, namba yake unaijua kwa moyo, halafu unanyofoa waya za watu. Piga!"

Akapiga. Kule simu ikapokelewa haraka mno.

"Kucha! Kumeharibika nini?"

"Hakuna kilichoharibika."

 Zilisikika pikipiki za barabarani upande wake.

"Hakuna kabisa?"

"Mtandao ni mzima. Mimi tu ndiye ninayekuita."

"Naja," alisema.

Alifika bila mkoba wa vifaa, shati halina pasi, vifungo kavikosea. Lakini mazoea ni mazoea: kabla ya salamu alishapiga magoti kuchungulia chini ya kaunta.

"Nani kachomoa hizi?"

"Panya."

"Panya mwenye kucha za zambarau?"

Kumbe ameziona! Kucha akafunika uso kwa viganja.

"Nilidhani umenichoka," akasema.

"Nikuchoke? Niliutengeneza huu ili siku moja uniite hata kama mtandao hauna shida. Nikangoja, nikangoja. Nikajua basi, nilikuwa fundi tu." Akachomeka waya wa kwanza. "Kesho nakwenda, Kucha. Nikirudi, nije kwenu na mama yangu?"

"Kufanya nini?"

"Kukuomba uwe mke wangu. Usinikanyage kabla hujajibu."

Kucha akavua viatu, akaviweka kando, akaingia naye chini ya kaunta. "Njoo naye," alinong'ona, akavishika viganja vyake vilivyojaa vumbi. "Na unipigie kila siku. Usingoje kitu kiharibike."

"Wewe pia, laazizi."

Juu, mteja mmoja aligonga kaunta. "Jamani, humu hakuna watu?"

Shangazi alijifuta machozi kwa ncha ya kitambaa chake, akatazama taa za kijani zilizotulia tuli.

"Subiri kidogo, baba," akasema. "Fundi yuko kazini."