Waliobaki Daraja la Tatu

Tangu asubuhi Nathanaeli alikuwa Maore akihangaikia petroli ya kumpandishia mama yake milimani. Alipoipata, jua lilishaanza kuzama. Nyuma ya pikapu lilikuwemo jeneza peke yake. Mbele alikaa na mama mdogo Koleta, mdogo wa marehemu.

"Madaraja ni matatu," Koleta alimwambia. "Kila daraja uzime gari, umwambie dada tunavuka. Asipoambiwa anabaki majini."

Nathanaeli, mwimba besi wa kwaya ya Kilutheri, hakuyapenda mambo hayo. Lakini mama ni mama. Hospitalini alimshika mkono akamwambia, "Usiniache njiani, mwanangu. Nifikishe." Naye aliahidi.

Daraja la kwanza alizima. La pili akazima. Mbele ya yote mawili kuna kateremko, gari likaserereka likawaka. Betri ilikufa tangu Pasaka, na mwaka ule betri mpya ilikuwa haipatikani hata kwa dawa.

Sasa la tatu, jamani, lina kilima mbele yake. Ukizima pale umelala pale, na hakuna dereva aliyekuwa na ubavu wa kusimama. Chini, mto Hingilili unaporomoka juu ya mawe, mweupe kwa povu, kelele tupu. Nathanaeli akatoa kichwa dirishani huku anakanyaga mafuta.

"Mama, tunavuka."

"Hakusikia," Koleta alinong'ona. "Mto umekuzidi."

"Amesikia, mama mdogo."

Hatua ishirini mbele, gari likawa jepesi.

Jepesi kabisa, kama limeshusha mzigo. Akatazama kioo. Jeneza lipo, kamba zimelegea. Akaona aibu. Akarudi kinyumenyume mpaka darajani, akazima.

"Mama... panda twende nyumbani."

Mto. Mto tu.

Kisha harufu ya tangawizi mbichi, ile ile ya viganja vya mama yake, ikapita dirishani. Springi za nyuma zikalia, gari likadidimia kidogo. Nathanaeli akamshukuru Mungu, halafu akakumbuka betri. Akazungusha ufunguo. Kimya.

Ndipo gari lilipoanza kusogea.

Linapanda. Linasukumwa. Nyuma kulikuwa na vishindo vya miguu iliyolowa, mingi, na watu wanahema. Mikono yake ikafanya inachokijua: akatia gia, akaachia klachi. Injini ikashika.

Springi zikalia tena. Na tena. Na tena...

"Miaka mingapi magari hayazimwi pale?" Koleta alisema kwa sauti ndogo. "Maiti wangapi wamepitishwa bila kuambiwa? Walikuwa wanasubiri gari. Usigeuke."

Hakugeuka. Walipofika juu, bati la kabini likagongwa.

Ngo, ngo.

Ndivyo abiria wa pikapu anavyogonga akitaka kushuka. Nathanaeli akasimama, injini ikinguruma. Gari likainuka kidogo, hatua zikapotea kwenye migomba. Mbele kidogo, ngo, ngo. Mwingine.

Mara ya tatu liligongwa penye kijia chembamba kinachokwenda kwa watu asiowajua. Gari likainuka. Na harufu ya tangawizi ikapita dirishani, ikielekea kule.

"Mama? Huku si kwetu."

Harufu ikakata.

"Mama mdogo, hapa ni kwa nani?"

Koleta alikuwa analia, kanga mdomoni. "Endesha, mwanangu. Usiniulize kwa nani."

Nyumbani, Nathanaeli aliomba jeneza liwe jepesi, asiwe amebaki mwingine ndani yake. Aliomba kweli, kimoyomoyo. Wanaume sita walilibeba wakiyumba, na mmoja akasema marehemu alikuwa mwembamba, uzito huu umetoka wapi. Kesho yake wakazika.

Miaka ikapita, ruksa ya kuagiza bidhaa ikaja, betri zikajaa madukani. Nathanaeli ana mpya, na daraja la tatu anazima kila apitapo. Kile kijia amekipita mara nyingi. Hajawahi kupata moyo wa kukifuata.

Kila Jumapili baada ya ibada husimama kaburini, kofia mkononi, na kusema, "Shikamoo, mama."

Hajui anamwamkia nani.